Msiwafiche Mabano

Mtoto wa madamu alikuwa amelala mapajani mwa dada wa Bungoma, kwa hiyo simu alininyooshea kwa mkono mmoja, polepole, asije akamwamsha. "Kaka, hebu tazama. Hivi vijialama ni vya nini?"

Ilikuwa Ijumaa jioni, Riyadh, mtaa wa Olaya. Madamu alikuwa ameingia madukani na wale watoto wakubwa. Sisi wawili, dereva na kadama, yaani mtumishi wa nyumbani, tumebaki garini, injini inanguruma ili kiyoyozi kisizimike. Nikaitazama simu. Biblia ya Kiswahili, Marko sura ya 16, na mwanzoni mwa mstari wa tisa pana mabano ya mraba. Nikateremsha kidole hadi mstari wa ishirini. Yamefungwa pale.

Dada alikuwa ameyapita mabano yale miaka yote, kama tunavyoyapita sote. Safari hii aliyatafuta, maana kijivideo kimoja kilimwambia kwamba mistari kumi na miwili ya mwisho ya Marko haimo katika nakala kongwe kabisa za Kigiriki. Akaenda kuuliza kwenye kundi lao la maombi la WhatsApp. Mchungaji anayeliendesha akiwa nyumbani, nisiyemtaja, akajibu kwa ujumbe wa sauti: Neno la Mungu halijaguswa hata nukta, shaka ni mlango wa shetani, dada aache kunywa sumu. Akauliza tena, safari hii kuhusu mabano yenyewe. Akatolewa kundini. Na katika nchi isiyo na kanisa hata moja, ambako ibada ya hadhara ya dini nyingine hairuhusiwi na kumhubiria Mwislamu ni kosa la kisheria, kutolewa kwenye kundi la WhatsApp ndiko kutengwa na kanisa. Hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Rai ya mchungaji yule imeenea kiasi kwamba hakuna anayeiona kuwa ni rai. Inasema hivi: Biblia inaaminika kwa kuwa haijabadilika hata herufi moja tangu iandikwe, kwa hiyo anayekuonyesha herufi iliyobadilika ni adui, na anayeuliza habari ya herufi hiyo ameshaanza kupotea. Nimeisikia Batha, pale pale Riyadh, kwenye vyumba tulivyokutana madereva siku za mapumziko. Nimeisikia Jeddah. Nimeisikia Voi nilikozaliwa na Mombasa nilikosoma. Mimi ni Mtaita, Mwanglikana tangu tumboni mwa mama, na Biblia naiamini. Ndiyo maana utetezi huu unanikera: nimeona unavyowaangusha watu wale wale unaojidai kuwalinda.

Cha ajabu, wale wanaosema Biblia imechezewa wamekalia mkeka huo huo. Chukua kijitabu chochote cha bure kutoka ofisi za Jaliyat, zile za kuwalingania wageni, ambazo huchapisha kwa lugha chungu nzima, Kiswahili kikiwemo. Hoja ni kwamba nakala zinatofautiana, waandishi wameongeza na kupunguza, basi kitabu hakifai. Mchungaji anasema hakijabadilika, basi kinafaa. Wanatupiana maneno toka alfajiri hadi usiku, na hakuna kati yao aliyewahi kuuliza kama kipimo chenyewe ni sawa. Nani alisema ushahidi wa watu wengi, ulioandikwa kwa mikono mingi katika karne nyingi, hauaminiki mpaka uwe hauna alama ya mkono hata mmoja?

Mkeka huo una historia, na sehemu ya historia hiyo inapita karibu sana na pale tulipoegesha gari.

Aprili 1854, mjini Agra, India, mmisionari Mjerumani Karl Pfander alikubali kujadiliana hadharani na mwanachuoni Rahmatullah Kairanawi. Pfander alikuwa ameandika kitabu kizima kuitetea Biblia na kuushambulia Uislamu, na alijiandaa kwa vita alivyovizoea. Kairanawi alikuja na tabibu, Wazir Khan, aliyekuwa amekusanya vitabu vya wataalamu wa Ulaya wanaochambua nakala za kale. Hawakupoteza muda. Walitaka kujua jambo dogo tu: nakala zinatofautiana au hazitofautiani? Pfander alikuwa mtu mkweli, akakubali kwamba mahali kadhaa wanakili waliacha au waliongeza. Akaharakisha kusema kwamba kiini hakikuguswa. Lakini hadhira ilikwisha kupata ilichokuja kutafuta. Siku mbili, mdahalo ukaishia hapo.

Nawaomba wachungaji wa ujumbe wa sauti waitazame siku ile vizuri. Alichokikiri Pfander kilikuwa kweli, na kisingemdhuru kama angekuwa amekisema mwenyewe tangu mwanzo, kwa sauti ya kawaida, kabla ya kuulizwa. Kilimwangusha kwa kuwa kilitolewa kwake kama jino.

Baada ya maasi ya India ya 1857 Kairanawi alikimbilia Makka. Akaandika Izhar al-Haqq kwa Kiarabu, kikachapishwa Istanbul mwaka 1864. Akaanzisha Madrasa ya Sawlatiyya. Akafia huko huko Makka mwaka 1891. Miongo kadhaa baadaye, kijana aliyekuwa akiuza duka karibu na misheni ya Adams huko Natal alikikuta kitabu hicho katika stoo ya tajiri wake. Kijana huyo ni Ahmed Deedat. Mwaka 1986 alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu. Ule mnara wa Faisaliah wenye tufe la kioo karibu na kilele, niliokuwa nikiupita kila siku nikipeleka watu madukani, ni mali ya wakfu unaotoa tuzo hiyo. Dada wa Bungoma aliniuliza swali lake tukiwa tunauona kupitia kioo cha mbele.

Mwaka huo huo wa 1986 Deedat alipambana na mhubiri Jimmy Swaggart huko Baton Rouge, Marekani, mada ikiwa ni kama Biblia ni Neno la Mungu. Kanda zikasambaa hadi kwetu. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam wakawa wameinuka wahadhiri wa Kiislamu wa mlingano wa dini, kina Ngariba na Kawemba, wakisimama viwanjani na Biblia mkononi, wakiijua sura kwa mstari kuliko maaskofu. Wahubiri wa Kikristo nao wakanunua vipaza sauti. Palikuwa na burudani pale, tusidanganyane. Watu walikuja na vigoda vyao. Palikuja pia Februari 1998, Mwembechai, Dar es Salaam, ambako ugomvi juu ya mihadhara uliishia kwa polisi kufyatua risasi na watu kufa.

Kitu kimoja kwenye mihadhara ile hunichekesha hadi leo. Kitabu cha Ngariba na Kawemba kiliitwa Uislamu katika Biblia. Yaani mhadhiri anamwita shahidi kizimbani, anamwambia hakimu shahidi huyu ni mwongo, halafu anamwomba shahidi huyo huyo amtetee. Siwacheki wao tu. Upande wetu tulikuwa na maajabu makubwa zaidi: watu wanaoapa kwamba hakuna nukta iliyoguswa, huku wameshika Biblia ambayo wafasiri wake, Wakristo, wametia mabano kwa mikono yao na kuyachapisha. Nani aliyafanyia kampeni mabano yale? Si Jaliyat. Ni vyama vya Biblia. Mabano yale ni neno la mtu mkweli: ndugu msomaji, hapa ushahidi wetu umegawanyika, ujue.

Basi tuseme mambo kama yalivyo.

Nakala ya Sinai, iliyoandikwa karne ya nne, iliyotunzwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina ng'ambo tu ya Bahari ya Shamu, na ambayo sehemu yake kubwa Waingereza waliinunua kwa Warusi mwaka 1933 kwa pauni 100,000, inaikomesha Injili ya Marko kwenye mstari wa nane. Nakala ya Vatikani vivyo hivyo. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, katika Yohana, hakimo katika nakala kongwe. Maneno ya Baba, Neno na Roho katika waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya tano, yaliingia kupitia Kilatini. Nakala za Kigiriki za Agano Jipya zilizosalia ni zaidi ya 5,000, na tofauti baina yao zinahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Bart Ehrman, msomi wa Marekani ambaye vijivideo vyake vimejaa kwenye simu za Riyadh, aliandika kitabu maarufu juu ya jambo hili mwaka 2005. Hakuzua. Wanaokata vijivideo hivyo huacha tu pale anaposema kwamba nyingi kabisa kati ya tofauti hizo ni tahajia, mpangilio wa maneno, na usingizi wa mwandishi.

Upande wa Agano la Kale, mapango ya Qumran yaliyoanza kufunguka mwaka 1947 yalitoa gombo la Isaya lenye umri wa takriban miaka elfu moja zaidi ya nakala za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa. Wahubiri wetu hulipenda gombo hilo, na wana haki: linafanana na Isaya tunayemsoma kwa namna ya kushangaza. Wasichokisema ni kwamba mapango hayo hayo yalitoa vipande vya Yeremia wa aina mbili, mrefu na mfupi. Yeremia wa Kigiriki ni mfupi kuliko wa Kiebrania kwa karibu sehemu moja ya nane. Mhubiri akimtaja Isaya na kumficha Yeremia, anacheza karata.

Na Yeremia mwenyewe hana haya. Fungua sura ya 36. Mfalme anaketi mbele ya moto wa makaa, anasomewa gombo la nabii, na kila kurasa chache zikisomwa anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Gombo lote linateketea. Yeremia anamwita karani wake Baruku, anaanza upya kumtajia, na Biblia inatueleza wazi kwamba katika gombo la pili yaliongezwa maneno mengi mengine ya namna ile. Yaliongezwa! Imeandikwa humo humo. Mithali sura ya 25 inaanza kwa kuwataja watu wa Hezekia walionakili. Luka anaanza Injili yake kwa kukiri kwamba wengine wameandika kabla yake na kwamba yeye amefuatilia habari kwa mashahidi. Kitabu hiki kinawataja makarani wake kama vile mzee wa Kitaita anavyowataja waliobeba mawe ya nyumba. Anayekitetea kwa kuifuta mikono hiyo anatetea kitabu kingine ambacho hakijaandikwa.

Hoja ya kwamba tuna "Biblia nyingi" naipita haraka. Mmisionari Krapf alianza kutafsiri Mwanzo Mombasa mwaka 1844. Steere akafanya yake Unguja. Tukapata Muungano mwaka 1952 na Habari Njema miaka ya 1990. Hizo ni tafsiri. Mtu akikuambia "leo ni joto" na mwingine "leo kuna joto", hali ya hewa haijabadilika.

Jambo lililonifungua macho zaidi nililipata Jeddah, na kwa Mwislamu. Nilipohamishiwa huko nilikuwa na desturi ya kupeleka mizigo ya nyumbani kwa mzee mmoja wa Kiunguja, mwenye biashara ndogo ya kago karibu na Balad, mji mkongwe wa nyumba za matumbawe na madirisha ya mbao. Alihifadhi Qurani akiwa mtoto, na alikuwa na ucheshi wa kwao. Hapo mkikaa mnapima mablanketi na sufuria kwenye mizani, mazungumzo huja yenyewe. Siku moja yeye ndiye aliyeanza: "Bwana wee, nyie kitabu chenu kina mikono mingi mno. Mimi changu ninacho hapa," akajigusa kifuani.

Mkristo wa mihadhara angerudisha mshale papo hapo: angemkumbusha Khalifa Uthman na nakala za Qurani zilizochomwa. Nimeshaona watu wakirusha mshale huo, wakajiona wamepata. Wamepata nini? Ukithibitisha kwamba nyumba ya jirani ina ufa, yako haijapigwa lipu. Nilinyamaza, nikafunga kamba.

Baadaye, katika mambo mengine kabisa, akanisimulia hadithi ya Mtume, nami sikumbuki hata ilihusu nini, ila nakumbuka alipofika katikati alisita akasema, "Amesema hivi, au amesema vile, mpokezi ametia shaka." Nikamuuliza maana yake. Akanieleza kwa fahari: wanavyuoni wa hadithi, kina Bukhari, mpokezi akiwa hana hakika kati ya maneno mawili, huandika yote mawili, na huandika kwamba mtu yule alikuwa na shaka. "Na hiyo haiharibu hadithi?" Akanitazama kama mtoto. "Inaiharibu vipi? Asiyetaja shaka yake ndiye wa kuogopwa."

Nikacheka. Nikamwambia, mzee wangu, hayo ndiyo mabano yetu. Hakuafiki, na sikutegemea aafiki. Kwake Qurani ni jambo moja na hadithi ni jingine, na ana haki ya kupanga nyumba yake. Lakini aliniachia kipimo bora kuliko vyote nilivyofundishwa kanisani. Wanavyuoni wake wenyewe, tangu zamani, hawakuwa na kauli moja juu ya Biblia: Ibn Hazm wa Cordoba aliyashambulia maandishi yake vikali mno, na al-Biqai, aliyefariki mwaka 1480, aliitumia kueleza Qurani katika tafsiri yake. Ubishi wa "imebadilishwa au haijabadilishwa" tunaoupiga sisi kwenye vyumba vya Batha ni mdogo sana ukiuweka kando ya watu wale.

Kuna jibu moja ninalorudishiwa kila nikisema haya, na wanaolitoa ni watu wema. Wanasema: hao dada wamechoka. Wanaamka saa kumi, wanalala saa saba ya usiku, wengine simu wanapewa mara moja kwa wiki. Usiwatwishe Qumran. Wape faraja. Ukiwaonyesha mabano, watasilimu.

Kwanza, aliyeyaona mabano ni dada, si mimi. Mtu anayetunza watoto watano, anayepika kapsa ya watu ishirini na kujua lahaja ya Kinajdi bila darasa, anaambiwa akili yake haiwezi kubeba alama ya mraba. Dharau hiyo ina harufu ya jikoni ile ile anakoitwa shaghala, mfanyakazi, bila jina. Pili, nimewajua watu watatu walioiacha Biblia mkononi mwangu, kwa maana ya kwamba tulizungumza mpaka siku ile. Hakuna aliyeachishwa na Marko 16. Wote watatu walisema neno moja kwa namna tatu: mbona mlijua na hamkutuambia?

Na tatu, ambalo ndilo zito: shaka za Saudia mara nyingi si za nakala kabisa. Hapa ndipo utetezi wa "hakuna kasoro" unageuka kuwa ukatili.

Soma Mwanzo 16 ukiwa kadama. Hajiri ni mtumishi wa nyumbani katika nchi isiyo yake. Anatumiwa anavyotumiwa. Sarai, bibi yake, anamtesa, naye anatoroka kuelekea jangwani. Kwa lugha yetu ya kule, amekuwa kemboi, jina tulilolikopa kwa Ezekiel Kemboi bingwa wa kuruka viunzi na maji, maana ni mtu wa mbio. Kafili, yaani mwajiri mdhamini, alikuwa akipiga huruub, ile ripoti ya utoro, na kuanzia hapo ulikuwa nje ya sheria. Malaika anamkuta Hajiri kisimani, na anamwambia arudi kwa bibi yake akanyenyekee. Sasa nieleze mimi, ni ajenti gani, ni mchungaji gani wa ujumbe wa sauti asiyeujua mstari huo? Dada anapiga simu akilia kwamba amechomwa kwa pasi, anasomewa Hajiri. Rudi, vumilia, Biblia imesema, na Biblia haikosei.

Dada anayesomewa hivyo akianza kushuku kitabu, anashuku vizuri. Nikiwa mimi ningeshuku.

Lakini mtetezi anayejua kwamba Biblia ni mashahidi wengi ana la kumwambia, na la kweli. Anaweza kumfungulia Kumbukumbu la Torati 23, ambako sheria inakataza waziwazi kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbia: akae anapopenda, asionewe. Ndani ya jalada moja mko malaika anayerudisha na sheria inayokataza kurudisha. Simwambii dada kwamba yanapatana. Namwonyesha yote mawili, na namwambia kwamba waliokusanya kitabu hiki waliyaona yote mawili na hawakufuta lolote. Namwonyesha pia kwamba mtu wa kwanza katika Biblia nzima kumpa Mungu jina ni huyo huyo mtumishi mtoro, pale kisimani: alimwita anayeona. Mhariri aliyetaka kitabu kisafi cha mabwana angeikata sehemu hiyo kwanza. Haikukatwa. Mimi hapo ndipo imani yangu katika waandishi hawa ilipokaa, kwenye mambo yasiyowafaa waliyoyaacha yakae.

Wenye kushikilia "hata nukta" hawawezi kufanya mazungumzo haya. Wakikubali sauti mbili, nyumba yao inaanguka. Kwa hiyo wanachagua sauti moja, na kwa bahati mbaya isiyo bahati, mara zote huchagua ile inayomrudisha msichana jikoni.

Sidai kwamba ukisema ukweli watu hawataondoka. Wengine wataondoka; Yesu mwenyewe aliwauliza wanafunzi wake kama nao wanataka kwenda. Wala siwashauri ndugu zetu walioko kule wafungue viwanja vya mihadhara. Sheria ya nchi wanaijua, na mdomo mmoja unaweza kumponza mwenzako wa chumba. Nasema juu ya mazungumzo yetu sisi kwa sisi, garini, jikoni, kwenye simu chini ya blanketi. Anayeuliza ajibiwe alichouliza. Kama ni mabano, aambiwe habari ya mabano. Nakala ya Sinai yote iko kwenye intaneti tangu 2009, yenye masahihisho yake kwa maelfu, wino juu ya wino, na ukiikuza kwenye simu unaona mahali mnakili alipojikosoa. Sijui utetezi gani ni mkubwa kuliko kumpa mtu mwenye shaka picha hiyo na kumwambia: tazama mwenyewe.

Ndivyo nilivyofanya Ijumaa ile. Nilimtafutia ukurasa wa mwisho wa Marko, safu za herufi za Kigiriki asizozijua, na chini yake nafasi tupu. Nikamweleza kwamba pale, katika nakala hii, habari inakoma. Wanawake wamekwenda kaburini alfajiri kufanya kazi yao ya kupaka manukato, wamekuta jiwe limeondolewa, wameambiwa amefufuka na waende wakawape wanafunzi habari. Wanatoka mbio, wanatetemeka, na hawamwambii mtu neno kwa sababu waliogopa.

"Halafu?"

"Halafu basi. Mistari mingine iliwekwa baadaye, watu wakitaka ikamilike."

Akaikuza ile nafasi tupu kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu. Mtoto akajigeuza mapajani, akamtuliza kwa kumpapasa mgongo bila kuondoa macho kwenye simu.

"Hawakumwambia mtu," akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Lakini sisi tumejua."

Nilitaka kujibu, nikaona madamu anakuja na mifuko, wale wakubwa nyuma yake wakigombania aiskrimu. Akaifunga simu, akaitia ndani ya abaya. Nikashuka kufungua buti.